Enzo Ferrari: Dereva aliyezuiwa kutumia jina lake

Mwaka 1939, Enzo Ferrari aliachana na kampuni ya magari ya Alfa Romeo baada ya kuitumikia kwa karibu miaka 20. Aliondoka na sharti zito: kwa miaka minne asitumie jina lake mwenyewe katika mashindano ya magari. Alikuwa na umri wa miaka 41, na jina hilo ndilo lililokuwa mtaji wake.

Ferrari alizaliwa Februari 18, 1898 mjini Modena, kaskazini mwa Italia, ambako baba yake alikuwa na karakana ya vyuma. Mwaka 1916 baba na kaka yake walifariki dunia, na biashara ya familia ikaanguka. Enzo akachukuliwa jeshini, akapangiwa kazi ya kuwapigilia nyumbu viatu vya chuma. Vita vilipomalizika aliomba kazi katika kiwanda cha Fiat mjini Turin, akakataliwa.

Mwaka 1919 alianza kushindana kama dereva. Mwaka uliofuata alijiunga na Alfa Romeo na kushika nafasi ya pili katika Targa Florio, mbio ngumu za milimani kisiwani Sicily. Baadaye alishinda Ravenna mwaka 1923 na Pescara mwaka 1924. Alikuwa dereva mzuri, lakini kipaji chake kikubwa kilikuwa kukusanya watu na fedha. Pembeni alikuwa wakala wa kuuza magari ya Alfa Romeo.

Mwaka 1929 alianzisha timu ya Scuderia Ferrari. Miongoni mwa washirika wake walikuwa ndugu wawili wa familia ya Caniato, wafanyabiashara wa nguo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: matajiri waliopenda mashindano walilipa, na timu ikawaandalia magari, ikayasafirisha hadi kwenye mbio na kuyahudumia. Kampuni za matairi, mafuta na vipuri nazo zilichangia, kwa kuwa kila ushindi uliwatangazia bidhaa. Ferrari akawa na timu bila kuunda gari hata moja.

Mwaka 1932, baada ya kuzaliwa mwanawe Dino, aliacha kuendesha. Mwaka 1935 dereva wake, Tazio Nuvolari, aliwashinda Wajerumani nyumbani kwao Nürburgring. Miaka miwili baadaye Alfa Romeo ilinunua hisa nyingi za timu hiyo, na mwenye timu akageuka meneja wa kuajiriwa. Hapo ndipo maelewano yalipovunjika.

Ferrari alifungua kampuni nyingine kwa jina tofauti. Mwaka 1940 iliingiza magari mawili katika mashindano, yote yakaharibika njiani. Wakati wa vita ilitengeneza mashine za viwandani, na mwaka 1943 ikahamia Maranello, ambako kiwanda kilipigwa mabomu.

Kufikia mwisho wa vita, muda wa sharti ulikuwa umekwisha. Mwaka 1947 lilitoka gari la kwanza lenye jina la Ferrari, la injini ya silinda 12, na Mei mwaka huohuo likashinda Roma. Mwaka 1951, huko Silverstone, Uingereza, Froilán González akiendesha Ferrari aliyapita magari ya Alfa Romeo. Mwajiri wa zamani alishindwa na mtu aliyemfungia jina.

Gharama ilikuwa kubwa. Dino alifariki kwa maradhi mwaka 1956. Mwaka 1957 Ferrari moja ilipasuka tairi katika mbio za Mille Miglia, zilizopita katika barabara za kawaida. Waliuawa dereva, msaidizi wake na watazamaji tisa, wakiwamo watoto. Ferrari alishtakiwa, akaachiwa huru mwaka 1961.

Kampuni ya Ford ilipotaka kumnunua mwaka 1963, alikubaliana nayo mambo mengi, lakini alipoona bajeti ya mashindano ingeamuliwa Marekani, alikataa kutia saini. Mwaka 1969 aliiuzia Fiat, iliyomkatalia kazi ujanani, asilimia 50 ya hisa. Safari hii alihakikisha timu ya mashindano inabaki mikononi mwake.

Alifariki Agosti 14, 1988 akiwa na umri wa miaka 90. Fiat iliongeza hisa zake hadi asilimia 90, na asilimia 10 zikabaki kwa mwanawe wa pili, Piero. Wiki chache baada ya mazishi, magari ya Ferrari yalishika nafasi ya kwanza na ya pili Monza, mbele ya Waitalia wenzake.