Maisha ya William Grove, Avoka Aliyetoa Umeme katika Gazi

Sisi wa mwaka wa sita tunajua kutenganisha maji kwa umeme: ku mrija mmoja idrojeni inapanda, ku mwingine oksijeni. Lakini nani aliwaza kugeuza kazi ile?

Ni William Robert Grove. Alizaliwa Swansea, inchi ya Wales, mwaka 1811. Alisoma Oxford, akawa avoka mu 1835, lakini afya haikuwa nzuri, ndipo akajitia katika sayansi. Mwaka 1839 alitengeneza betri ya zinki na platini, ile iliyotumika sana kwa telegrafu ya Marekani. Mwaka uleule alisimamisha mirija miwili ndani ya maji yenye asidi, mmoja na idrojeni, mwingine na oksijeni, na kipande cha platini ndani ya kila mmoja. Gazi zikapunguka pole pole, umeme ukapita! Mu 1842 akaunganisha vyombo vingi vya namna ile, na umeme wao ukatenganisha maji katika chombo kingine.

Basi mwenye haraka atasema: mashini hii itazunguka milele bure. Hapana. Kwa hesabu, kutenganisha maji kunaomba volti 1,23. Kwa kweli wanatia karibu 1,8, na wakati wa kurudisha wanapata karibu 0,7 tu. Mugawanye wenyewe: haifiki 40 kwa mia. Ingine inapotea kama joto, na kufinya gazi ndani ya mitungi kunakula tena. Betri ya litiamu inarudisha zaidi ya 80 kwa mia. Lakini kwa kuchunga umeme mwingi miezi mingi, kuongeza mitungi iko bei ndogo kuliko kuongeza betri, ndiyo sababu watu hawaachi idrojeni.

Grove mwenyewe alieleza katika kitabu chake cha 1846 kwamba joto, mwangaza na umeme vinageukana, na hakuna nguvu inayotoka bila nguvu nyingine kutangulia.

Mwaka ule aliacha kufundisha London, akarudia sheria. (Mimi naona ilikuwa hasara.) Mu 1856 alikuwa kati ya maavoka wa Palmer, munganga aliyehukumiwa kwa kutia mtu sumu, na mu 1871 akawa mwamuzi. Alikufa London 1896, chombo chake kimelala tu. Mwingereza Francis Thomas Bacon ndiye alikiamsha: mu 1959 alionyesha kimoja cha kilowati 5. Wamarekani wakafuata kazi yake kwa vyombo vya Apollo, na wale walioenda ku mwezi walikunywa maji yaliyotoka ndani yake.