Aimé Behaeghe, piloti wa Tanganyika

Wengi wetu tunajua Niemba paka kama gare kwenye njia ya reli ya kutoka Kabalo kwenda Kalemie. Kumbe pale njo alikufa mtu anayehesabiwa kuwa piloti wa kwanza katika Afrika ya Kati.

Aimé Behaeghe alizaliwa mwaka 1890 huko Kachtem, Ubelgiji. Wakati wa vita vya 1914-1918 Wadachi walikuwa na masua kubwa ya kivita, Graf von Götzen, iliyoogopesha watu kwenye ziwa Tanganyika. Wabelji wakapata kwa Waingereza ndege 4 zenye kutua juu ya maji. Haikuwa kazi ya mchezo. Ziwa liko kwenye urefu wa metre zaidi ya 770, hewa ni nyepesi, joto kali. Ndege yenye kubeba watu wawili na mabombe inakimbia sana juu ya maji mbele ya kuruka, na mawimbi nayo yanaipiga.

Mwezi wa 6, 1916, Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka mpaka Kigoma, wakaangusha mabombe juu ya Götzen. Mwezi wa 7 Wadachi wenyewe waliizamisha, wakakimbia. (Ilitolewa majini mwaka 1924, ikaitwa Liemba.)

Risasi hazikumpata Behaeghe. Ugonjwa njo ulimpata. Alikufa Niemba tarehe 3 mwezi wa 12, 1916, akiwa na miaka 26, na Kigoma ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.