Godai Tomoatsu: Aliyerudi kwao na mitambo ya wageni

MAGARI yaliyotumika kutoka Japani hupita kila siku kwenye barabara zetu za mipakani, na majina kama Toyota na Mitsubishi hata mtoto wa shule ya msingi anayajua. Lakini wachache wanafahamu kwamba zamani nchi hiyo nayo iliwahi kuwapigia hodi wageni wenye mitaji, ikaogopa kunyonywa, na ikagawanyika kuhusu nani aaminiwe.

Mmoja wa waliobeba mzigo huo alikuwa Godai Tomoatsu. Alitoka nchini kwa kuvunja sheria, akarudi na mitambo, na alipofariki dunia mwaka 1885 alikuwa ameubadilisha mji wa Osaka kuliko matajiri wengi waliozaliwa humo.

Godai alizaliwa mwanzoni mwa mwaka 1836 mjini Kagoshima, kusini kabisa mwa Japani, katika jimbo la Satsuma. Baba yake alikuwa msomi katika utumishi wa mtawala wa jimbo. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana aliagizwa kunakili ramani ya dunia, naye akachora mbili: moja ya mtawala, nyingine akaitundika chumbani kwake.

Wakati huo Japani ilikuwa imejifungia kwa zaidi ya miaka 200. Tangu miaka ya 1630 Mjapani aliyetoka nje ya nchi bila ruhusa alistahili adhabu ya kifo. Biashara na watu wa Ulaya ilipitia bandari moja tu, Nagasaki, na Waholanzi ndio pekee walioruhusiwa. Mlango huo ulianza kufunguliwa miaka ya 1850 kwa shinikizo la manowari za Marekani.

Mwaka 1857 Godai alipelekwa Nagasaki kujifunza ubaharia na mambo ya meli kwa walimu wa Kiholanzi. Mwaka 1862 akapata nafasi kwenye meli ya serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, iliyokwenda Shanghai nchini China. Hakwenda kama mkubwa, alikwenda kama baharia wa kawaida. Aliona bandari kubwa iliyojaa meli na maghala, lakini pia aliona wenyeji wakifanywa vibarua kwenye mji wao wenyewe. Alijifunza mambo mawili kwa mpigo: mali ya mgeni inaweza kuinua mji, na inaweza kumgeuza mwenye mji kuwa mpangaji.

Aitwa msaliti

Mwaka huo huo wa 1862 watu wa msafara wa Satsuma walimwua mfanyabiashara Mwingereza, Charles Richardson, katika kijiji cha Namamugi karibu na Yokohama. Uingereza ilidai fidia, Satsuma ikakataa. Agosti 1863 manowari za Kiingereza zikafika Kagoshima, zikaziteka meli tatu za mvuke za jimbo hilo kisha zikaupiga mji mizinga. Sehemu ya mji iliteketea, pamoja na viwanda ambavyo jimbo lilikuwa limevijenga.

Godai alikuwa kwenye mojawapo ya meli hizo, pamoja na mwenzake Matsuki Koan, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Terashima Munenori. Wote wawili walichukuliwa na Waingereza hadi Yokohama. Walipoachiwa, matatizo ndiyo kwanza yakaanza. Nyumbani walihesabiwa kuwa wasaliti, kwa nini wasife na meli zao? Upande wa shogun nao uliwatafuta. Ilibidi Godai ajifiche kwa miezi mingi, na mwishowe akarejea kisirisiri Nagasaki, ambako alikuwa na rafiki mfanyabiashara kutoka Uskoti, Thomas Glover.

Ndugu msomaji uliyewahi kurudi kwenu baada ya miaka ya ugenini, huhitaji kuelezwa jinsi hali hiyo inavyouma. Sisi tuliosoma uhamishoni tunajua kwamba anayerudi huulizwa kwanza alikuwa upande gani, na ni baadaye sana anapoulizwa anajua kufanya nini.

Godai alichagua kujibu swali la pili kabla halijaulizwa. Mwaka 1864 aliwaandikia wakubwa wa Satsuma andiko refu lenye mpango wa biashara. Alishauri mazao ya jimbo yauzwe Shanghai, fedha hizo zinunue mitambo ya kusafisha sukari, na faida ya sukari iwalipie vijana wakasome Ulaya. Sukari hiyo ilitoka visiwa vya Amami, ambako wakulima walilazimishwa kulima miwa kwa shida kubwa, jambo ambalo lisisahaulike katika hesabu ya maendeleo ya Satsuma. Hata hivyo, wakubwa waliona maana ya mpango. Waliokuwa wamemshuku ndio waliomtuma.

Safari ya siri

Aprili 1865 watu 19 wa Satsuma walipanda meli ya Glover, iliyoitwa Australian, wakitokea kijiji cha wavuvi cha Hashima. Wanafunzi walikuwa 15, na waliobaki walikuwa wajumbe watatu na mkalimani mmoja. Wote walipewa majina ya bandia kwa sababu sheria ya kifo ilikuwa bado haijafutwa. Ilifutwa mwaka 1866. Mdogo wao, Nagasawa Kanaye, alikuwa na umri wa miaka 13 tu, akapelekwa Aberdeen kwa jamaa za Glover kwa kuwa hakuwa wa umri wa chuo kikuu.

Wenzake walipokuwa madarasani London, Godai alizunguka viwandani. Alinunua bunduki, kwani Satsuma ilikuwa ikijiandaa kwa vita dhidi ya shogun. Lakini katika mji wa Oldham aliagiza pia mitambo ya kusokota pamba kutoka kampuni ya Platt Brothers. Alitaka Satsuma iache kununua uzi wa nje na ianze kusokota wake.

Kutoka Uingereza alivuka hadi Ubelgiji. Mjini Brussels aliingia mkataba na Charles de Montblanc, kabaila aliyejua mambo ya Japani, wa kuanzisha kampuni ya pamoja. Kampuni hiyo ingechimba madini, ingeleta mashine na ingeuza bidhaa za Satsuma. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri mno. Fedha hazikupatikana, na kampuni hiyo haikufanya kazi.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Mitambo ya Oldham ilikuwa na bei inayojulikana, mafundi wanaojulikana na mahali pa kuwekwa. Mkataba wa Brussels ulikuwa na ahadi kubwa bila mtaji nyuma yake. Kitu kilichofika Kagoshima ni kile cha kwanza.

Kiwanda cha Kagoshima kilifunguliwa mwaka 1867, kikawa kiwanda cha kwanza nchini Japani cha kusokota pamba kwa mitambo ya Ulaya. Mafundi saba wa Kiingereza walikuja kuifunga mitambo na kuwafundisha wenyeji, wakajengewa nyumba ambayo ipo hadi leo na iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015. Waliondoka mapema kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu ya vita vya ndani, lakini kiwanda hakikufungwa, wenyeji walikuwa wameshajifunza. Mwaka 1870 Satsuma ilifungua kiwanda cha pili mjini Sakai, karibu na Osaka.

Chelezo cha Nagasaki

Aliporudi mwaka 1866, Godai aliungana na Glover na kiongozi wa Satsuma, Komatsu Tatewaki, kujenga chelezo cha kutengenezea meli mahali paitwapo Kosuge, Nagasaki. Mitambo yake ya mvuke ililetwa kutoka Uskoti. Wenyeji walikiita chelezo cha soroban, kwa kuwa reli na magurudumu yake yalifanana na ule ubao wa shanga ambao Wajapani hutumia kupigia hesabu. Mgeni alileta ufundi na mitambo, mwenyeji alileta ardhi, ulinzi na wateja. Serikali mpya ilikinunua mwaka 1869, na mwaka 1887 kikawa mali ya Mitsubishi.

Glover mwenyewe hakuwa na bahati hiyo. Aliwauzia watawala wa majimbo meli na silaha kwa mali kauli, akaweka pia mtaji kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Takashima kwa ubia na jimbo la Saga. Vita vilipokwisha, wateja wa silaha wakatoweka na madeni hayakulipika. Mwaka 1870 alifilisika. Mwaka 1873 Japani ikatunga sheria ya madini iliyowazuia wageni kumiliki migodi. Kazi ya mgeni na ujuzi wake vilikaribishwa, lakini ardhi na kilichomo chini yake havikuuzwa.

Osaka, bandari isiyo na kina

Mwaka 1868 utawala wa shogun ulianguka, na serikali mpya ya Mfalme Meiji ikampeleka Godai Osaka kushughulikia mambo ya nje. Kazi haikuwa rahisi. Mwezi Machi mwaka huo askari wa jimbo la Tosa waliwaua mabaharia 11 wa Kifaransa mjini Sakai, na Godai alikuwa miongoni mwa maofisa waliohangaika kumaliza jambo hilo bila vita vingine. Kwenye forodha alijulikana kwa ukali wake kwa wafanyabiashara wa kigeni waliodhani nchi changa haina macho.

Osaka ilifunguliwa kwa biashara ya nje mwaka huo, na eneo la Kawaguchi likatengwa kwa ajili ya wageni. Lakini mto Aji ulikuwa na kina kifupi, meli kubwa hazikuweza kupanda hadi mjini. Wageni wengi wakahamia Kobe, penye bahari ya kina, kiasi cha kilomita 30 kutoka hapo. Serikali inaweza kutenga kiwanja na kutoa matangazo, lakini mwenye meli hutazama maji.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo wafanyabiashara wetu wa Kobero, Mugina na Gatumba watalielewa haraka: fedha. Wafanyabiashara wa Osaka walikuwa wakifanya hesabu zao kwa fedha ya uzani, na mwaka 1868 serikali ikaufuta mtindo huo ghafla. Nyumba nyingi za biashara zikaanguka. Sarafu mbovu nazo zilizagaa, wageni wakalalamika. Godai alisaidia kupatikana kwa mitambo ya kiwanda cha sarafu cha Hong Kong, kilichokuwa kimefungwa, huku Glover akiwa dalali. Kiwanda cha sarafu cha Osaka kilifunguliwa mwaka 1871, kikiongozwa na Mwingereza Thomas Kinder, aliyekuwa mkuu wa kile cha Hong Kong. Mwaka huo huo Japani ikaanza kutumia yen.

Aacha kazi ya serikali

Mwaka 1869 Godai alihamishiwa Yokohama. Baada ya muda mfupi aliacha utumishi, akarudi Osaka akiwa raia wa kawaida. Alianzisha shughuli ya kupima na kusafisha dhahabu na fedha, akaingia kwenye madini, na mwaka 1876 akafungua kiwanda cha nili ili kupambana na nili ya India iliyokuwa ikifurika sokoni. Kiwanda hicho hakikudumu.

Vilivyodumu ni vile visivyokuwa vyake peke yake. Mwaka 1878 aliwashawishi matajiri wa zamani wa Osaka waanzishe soko la hisa, na mwaka huo huo chemba ya biashara, yeye akiwa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1880 ikafuata shule ya kufundisha biashara, ambayo baada ya kukua na kubadilika jina mara kadhaa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Osaka Metropolitan kilichoundwa mwaka 2022. Kwa njia hiyo mwenye mtaji, awe Mjapani au mgeni, alipofika Osaka alikuta pa kuuliza bei, pa kupeleka malalamiko na vijana wanaojua kuandika hesabu.

Mwaka 1881 jina lake lilichafuka. Ofisi ya serikali ya kuendeleza Hokkaido, kaskazini mwa nchi, ilikuwa imetumia kiasi cha yen milioni 14. Mkuu wake, Kuroda Kiyotaka, mtu wa Satsuma kama Godai, alitaka kuuza mali za ofisi hiyo kwa yen 387,000 tu, zilipwe kwa miaka 30 bila riba. Magazeti yalimtaja Godai kuwa mnunuzi, nchi ikachafuka, na serikali ikaufuta uuzaji huo. Watafiti wa miaka ya karibuni wameonyesha kwamba waombaji wakuu walikuwa maofisa wa ofisi yenyewe, si kampuni ya Godai. Lakini yeye hakujitetea hadharani, na doa likakaa kwa zaidi ya miaka 100.

Alifariki Tokyo Septemba 25, 1885, akiwa na umri wa miaka 49, akazikwa Osaka. Aliacha madeni kuliko mali. Mji ukaendelea na kazi: katika miongo iliyofuata Osaka ilijaa viwanda vya pamba hadi ikaitwa Manchester ya Mashariki, na leo sanamu yake imesimama mbele ya jengo la soko la hisa, Kitahama.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maisha ya Godai yanatuonyesha kwamba mwenyeji haponi kwa sababu tu mgeni amefika. Hupona akiwa na sarafu inayoaminika, forodha isiyonunulika, kijana aliyefundishwa kuiendesha mashine siku fundi atakapoondoka, na sheria inayosema kipi kinauzwa na kipi hakiuzwi. Na mara nyingi anayeyajua hayo ni yule aliyekwenda mbali akarudi, ambaye kijiji bado kinamtazama kwa jicho la pembeni. Tusimwache mlangoni.