Bibi Harriet na Mfarishi Wake

Akina mama wa pwani wajuao kuunga viraka watanielewa nikisema kwamba mfarishi wa Bibi Harriet Powers haukuwa wa kujifunika tu. Bibi huyu alizaliwa utumwani mwaka wa 1837, karibu na mji wa Athens, jimbo la Georgia, Marekani. Uhuru ulimkuta ameshaolewa, ana watoto.

Alikata vitambaa kwa mifano ya watu, wanyama na nyota, akavishonea juu ya vipande vikubwa, huku kwa mkono, huku kwa cherehani. Mfarishi wake wa kwanza ujulikanao una picha 11 za visa vya dini yake ya Kikristo. Sisi Waislamu hatuchori Mitume, lakini baadhi ya visa twavijua: Adamu na Hawa, Kabili na Habili. Katika wa pili, wenye picha 15, wamo Nabii Ayubu na Nabii Yunus, na usiku ule wa 1833 nyota zilipomiminika kama mvua.

Mwaka wa 1886 aliuonyesha ule wa kwanza katika maonyesho ya pamba. Mwalimu wa uchoraji, Jennie Smith, akataka kuununua. Bibi Harriet akakataa katakata. Miaka michache baadaye dhiki ikamkaba. Akataka dola 10, akapewa 5. Hapo ndipo mimi huona uchungu. Alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, naye akaandika. Kisha akawa akienda kwake kuutazama.

Alifariki mwaka wa 1910. Mfarishi huo umehifadhiwa Washington, na wa pili uko Boston.