Carlson: Wakili wa hataza aliyebuni fotokopi

MKULIMA wa kahawa wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, anayeomba mkopo au anayemwandikisha mtoto shule, mara nyingi hulazimika kwanza kupita dukani kutoa kivuli cha kitambulisho au cheti. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, na kwa wenye mashine ni biashara inayolisha familia.

Aliyebuni njia hiyo ya kutoa nakala ni Chester Carlson, raia wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1968. Hakuwa na kiwanda wala mtaji. Riziki yake ilitokana na kuandaa maombi ya hataza, yaani hati ambayo serikali humpa mbunifu ili wengine wasitengeneze wala kuuza ubunifu wake bila ruhusa kwa muda uliowekwa na sheria.

Kazi hiyo ndiyo iliyomwonyesha tatizo. Ndiyo pia iliyomfundisha kulinda jibu lake kabla hajalipeleka kwa wenye fedha.

Mtoto wa kinyozi

Carlson alizaliwa Februari 8, 1906 mjini Seattle na kukulia California. Baba yake, aliyekuwa kinyozi, aliugua kifua kikuu na viungo hadi akashindwa kufanya kazi. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Carlson akiwa na umri wa miaka 17. Kabla hajamaliza sekondari, vibarua vyake ndivyo vilivyoilisha nyumba.

Pamoja na dhiki hiyo, alisoma fizikia na kuhitimu mwaka 1930 katika chuo maarufu cha Caltech, akiwa na madeni, wakati uchumi wa dunia umeporomoka. Aliandika barua 82 za kuomba kazi bila mafanikio. Hatimaye aliajiriwa na maabara za kampuni ya simu ya Bell mjini New York, ambako baadaye alihamia idara ya hataza.

Mwaka 1933 alipoteza kazi hiyo. Baada ya kupita kwa wakili mmoja, aliajiriwa na kampuni ya vifaa vya umeme ya P. R. Mallory, ambako alipanda hadi kuongoza idara ya hataza.

Wakili wa hataza hutakiwa kuielewa mashine kama fundi na kuieleza kama mwanasheria. Sehemu nyeti ya maombi ni madai, ambayo huonyesha ubunifu unaanzia na kuishia wapi, kama miti ya mpakani inavyotenganisha vibanja viwili. Carlson alikuwa na fizikia lakini hakuwa na sheria. Hivyo, kuanzia mwaka 1936 alisoma sheria jioni baada ya kazi. Kwa kukosa fedha za vitabu, alivinakili kwa mkono maktaba. Alihitimu mwaka 1939, na mwaka uliofuata akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili.

Nakala zilivyomchosha

Maombi ya hataza yalihitaji nakala nyingi za maelezo na michoro. Zilipopungua, zilichapwa upya au kupigwa picha kwa gharama kubwa. Carlson, aliyekuwa na macho hafifu na maumivu ya viungo, alianza kutafuta njia rahisi zaidi.

Njia aliyoipata inafanana na kitana cha plastiki kinachovuta vipande vya karatasi baada ya kusuguliwa. Bamba huwekewa umeme gizani, kisha humulikwa kwa picha ya maandishi. Palipopigwa na mwanga umeme huondoka, na penye maandishi hubaki. Unga hunata penye umeme, kisha huhamishiwa kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa joto.

Oktoba 1937 aliwasilisha maombi yake ya awali ya hataza, ingawa hakuwa na mashine. Nakala ya kwanza ilipatikana mwaka mmoja baadaye, Oktoba 22, 1938, katika chumba cha kupanga eneo la Astoria, akisaidiwa na Otto Kornei, mtaalamu mkimbizi kutoka Austria.

Kukataliwa na zaidi ya 20

Kati ya mwaka 1939 na 1944 kampuni zaidi ya 20, zikiwamo IBM na General Electric, zilimkatalia. Hata hivyo, Oktoba 6, 1942 alipewa hataza ya msingi ya njia hiyo.

Mlango ulifunguliwa na kazi yake ileile. Mwaka 1944 mhandisi wa taasisi ya utafiti ya Battelle alifika Mallory kwa shauri la hataza, na Carlson akamweleza ubunifu wake. Battelle ilikubali kuuendeleza kwa makubaliano kwamba Carlson apate asilimia 40 ya mapato. Kampuni ndogo ya Haloid ilijiunga baadaye, na ndiyo iliyokuja kuitwa Xerox.

Mashine iliyotikisa soko, Xerox 914, ilitoka Septemba 1959. Wakati huo hataza za Marekani zilidumu miaka 17 tangu kutolewa, hivyo ile ya mwaka 1942 ilifikia kikomo mwezi uliofuata. Kilichoilinda biashara ni hataza nyingi za maboresho zilizosajiliwa katika miaka ya utafiti.

Carlson alitajirika, na kabla ya kufariki Septemba 19, 1968 alikuwa ametoa sadaka zaidi ya Dola milioni 100, nyingi bila kutaja jina. Kornei naye alipewa hisa 100.

Funzo kwa mzalishaji

Tanzania Bara, hataza na alama za biashara husajiliwa na BRELA. Fundi aliyebuni mashine mpya ya kukoboa kahawa anapaswa kuwasilisha maombi kabla ya kuionyesha hadharani, kwa sababu hataza hutolewa kwa kitu kipya. Kikundi kinachofungasha kahawa au unga wa ndizi chaweza kusajili jina na nembo yake.

Usajili peke yake hauleti mnunuzi. Carlson alisubiri zaidi ya miaka 20. Lakini wenye mitaji walipofika, walimkuta na hati, na mazungumzo yakawa ya kugawana mapato.