Leonhard Euler: Alikosa kazi kwao, akaifunza dunia mitandao

Wasomaji wetu wa nyumbani na ughaibuni, leo tunamkumbuka Leonhard Euler, mwanahisabati aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alitaka mwanawe awe mchungaji pia. Johann Bernoulli, mwalimu mashuhuri wa hisabati, alikiona kipaji cha kijana huyo akamshawishi baba amwachie.

Mwaka 1727, akiwa hajatimiza miaka 20, Euler aliomba uprofesa wa fizikia katika chuo kikuu cha kwao, akakosa. Akafunga safari hadi St. Petersburg, Urusi. Hakurudi tena kuishi Basel.

Ni huko ugenini, mwaka 1735, alipolifumbua fumbo la mji wa Königsberg, Prussia. Mto Pregel uliugawa mji huo sehemu 4, zilizounganishwa na madaraja 7. Swali lilikuwa kama mtu anaweza kutembea mji mzima na kuvuka kila daraja mara moja tu.

Euler hakupima urefu wa njia wala upana wa mto. Aliangalia tu kipi kimeungana na kipi. Siku hizi tunachora kila sehemu kama nukta na kila daraja kama mstari, na mchoro huo unaitwa grafu.

Hoja yake ni nyepesi. Ukiingia mahali kwa daraja moja, utatoka kwa jingine, kwa hiyo madaraja ya mahali unapopita tu lazima yawe shufwa. Penye witiri panaweza kuwa pa kuanzia au pa kumalizia tu, yaani pawili, basi. Kisiwa cha Königsberg kilikuwa na madaraja 5, na sehemu nyingine tatu zilikuwa na 3 kila moja. Zote 4 ni witiri. Haiwezekani.

Mwaka 1738 jicho lake la kulia liliharibika. Alihamia Berlin mwaka 1741, akarejea St. Petersburg mwaka 1766, na huko akawa karibu kipofu kabisa. Aliendelea kupiga hesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakiandika, hadi alipofariki tarehe 18 Septemba 1783.

Kutokana na madaraja yale ilizaliwa elimu ya mitandao, inayotumika leo kupanga njia za magari, simu na hii intaneti inayotukutanisha sisi tulio mbali na kwetu. Basel ilimkosa kwa nafasi moja ya kazi. Nchi zetu nazo zijiulize zimewapoteza akina Euler wangapi.