Mshairi wa Pate Aliyeuhubiri Moyo Wake



Luga yetu ya Kiswahili ilifika Maniema toka pwani, pamoja na misafara ya wachuuzi waliokaa Nyangwe na Kasongo. Mbele ya misafara ile, kule pwani aliishi mshairi mkubwa, jina lake Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Alikuwa Mwislamu wa ukoo wa masharifu, mtu wa kisiwa cha Pate katika inchi ya Kenya ya leo. Siku zake zilikuwa za karne ya 18, hata mwanzo wa karne ya 19.

Pate ulikuwa mji wa biashara na utajiri. Wakubwa wake walijenga majumba ya mawe, wakapanga sahani za China ndani ya vidaka vya kuta, na watumwa wakawapepea. Lakini magomvi na vita viliumaliza. Karibu na mwaka 1812 watu wa Pate walishindwa na watu wa Lamu pale Shela, na nguvu zao hazikurudi tena.

Juu ya maangamizi ya Pate, Sayyid alitunga Al-Inkishafi, shairi la beti karibu 80. Ndani yake popo wananing'inia darini, ndege wanalala palipokuwa sahani, na bundi analia ndani ya nyumba. Kisha anashuka mpaka kaburini, anaonyesha wadudu wakitambaa juu ya miili ya wale waliojivuna.

Mambo hayo yanatia woga. Lakini tuangalie: Sayyid hakuwanyoshea wengine kidole. Anaukaripia moyo wake mwenyewe, anauuliza kwa nini unapenda dunia inayodanganya. Hata watu wa ukoo wake anawataja kwa majina, akiuliza wako wapi sasa.

Alitunga pia Takhmisa ya Liyongo. Hata Wazungu waliisoma kazi yake: William Hichens alitoa Al-Inkishafi kama kitabu London mwaka 1939.

Ndugu zangu, sisi wa Pangi hatuhitaji kwenda Pate. Tuliijua Kalima ya bati na kampuni ya Sominki, iliyofikia mwisho wake mwaka 1997. Wangapi walijivuna kwa mshahara wakasahau nafsi zao? Anayetaka kuhubiri juu ya kifo, aanze na moyo wake, kama Sayyid. Ndipo wengine watamsikiliza.